Lugha ya kompyuta yenye kasi na kaunta buku ya kikoba

Kuna ubishi wa Simba na Yanga, na sasa kuna ubishi wa lugha za kompyuta. Huu wa pili umeingia majumbani kimyakimya pamoja na masomo ya likizo ya kuandika programu, na mashabiki wake ni wakali vilevile. Aliyefundishwa C++ chuoni humdharau anayeandika Python. Wa Java huwacheka wote wawili. Mzazi aliyekaa pembeni na simu yake husikia majina tu, hadi anapofikiwa na swali ambalo ni lake: ada unalipa au hulipi?

Familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, ilifikiwa na swali hilo likizo ya Juni. Binti yao wa kidato cha tatu alikuwa amelipiwa nusu ya ada ya darasa la Python. Nusu iliyobaki, shilingi 75,000, ilitakiwa wiki iliyofuata, na mama alikuwa ameikopa kwenye kikoba chake. Yeye ndiye katibu wa kikoba hicho: wanawake 30, kila mmoja shilingi 20,000 kwa wiki, kila kitu kikiandikwa kwa kalamu kwenye kaunta buku. Kwa kuwa mkopo ulitoka huko, binti aliona shukrani nzuri ni kumwandikia mama programu ya kujumlisha michango. Akakaa na kompyuta mpakato ya mtumba, akaingiza michango yote ya mwaka uliopita, mistari 1,560, akaanza.

Bibi, mama yake baba, ndiye pekee aliyekuwa na wasiwasi na jina. Aliambiwa mjukuu anajifunza chatu. Ikabidi aelezwe kwamba Mholanzi Guido van Rossum, aliyeitoa lugha hiyo mwaka 1991, hakuwa akifikiria nyoka. Alikuwa akipenda kundi la wachekeshaji wa Uingereza liitwalo Monty Python.

Kisha akaja mtoto wa mjomba, anayesoma uhandisi wa kompyuta mwaka wa pili. Shikamoo zilipokwisha na chai ilipoletwa, akaonyeshwa programu. Ilitumia kama sekunde sita kutoa jumla. Kijana akacheka.

"Shangazi, hii Python ni ya kujifunzia tu. Kazi za maana zinaandikwa kwa C++. Hapa mnamlipia kobe."

Baba, ambaye ile ada haikuwahi kumkaa vizuri, akadakia palepale: kama ni kobe, ya nini kumaliza malipo? Binti hakujibu. Alifunika kompyuta, akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yake. Siku tatu kompyuta haikufunguliwa. Siku ya nne akamwambia mama asihangaike na ile nusu ya pili, arudishe tu mkopo wa watu.

Hapo ndipo ubishi wa lugha unapoacha kuwa mchezo wa vijana. Mtoto wa miaka 16 hajui kama kilichochekwa ni lugha au ni yeye.

Tuanze na haki ya yule kijana, kwa sababu anayo. C++ kweli ina kasi kuliko Python. Kwa hesabu tupu zinazorudiwa mara nyingi, inaweza kuizidi mara makumi. Sababu yake anaifahamu yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa injili wenye mhubiri mgeni. Mhubiri anasema sentensi, anasimama, mkalimani anaitafsiri, wanaendelea. Akirudia sentensi ileile mara mia, mkalimani naye anarudia mara mia. Kwa kurahisisha mambo, Python hufanya kazi hivyo: kompyuta haijui Kipython, inahitaji mkalimani aliyesimama pembeni muda wote. C++ ni kitabu kilichotafsiriwa chote kabla ya kupelekwa dukani. Msomaji akikifungua, anasoma moja kwa moja kwa lugha yake. Kazi ya kutafsiri ilifanywa mara moja, na ikakamilika.

Ndiyo maana michezo mizito ya kompyuta, vivinjari vya intaneti na mitambo ya ndani kabisa ya simu huandikwa kwa C na C++. C yenyewe ilizaliwa Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Dennis Ritchie. Kiini cha Linux, ambacho kimo ndani ya kila simu ya Android, kimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha hiyo ya uzee wa nusu karne. Mtoto anayeota kutengeneza vitu vya namna hiyo, siku moja atapita huko. Hakuna njia ya mkato.

Ila kasi ni ya nani? Kuna kasi ya mashine kufanya kazi, na kuna kasi ya mtu kuiandika kazi yenyewe, kuisoma tena mwezi ujao na kuelewa alichoandika. Python ilitengenezwa kwa ajili ya hii ya pili. Jambo linalochukua mistari miwili kwenye Python linaweza kuchukua kumi au zaidi kwenye C++, na kila mstari ni nafasi ya kukosea. Tena wenye akili wameshaunganisha dunia hizi mbili. Watafiti wanaofunza akili mnemba wengi wao huandika Python, lakini hesabu nzito hufanywa chini yake na maktaba zilizoandikwa kwa C na C++. Python inatoa maelekezo, C inabeba magunia. Instagram nayo imejengwa juu ya Python, na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika kwamba mwanawe anakosa Instagram kwa sababu inakwenda polepole.

Mfano mzuri zaidi upo kwenye simu hiyohiyo unayosomea. WhatsApp haikujengwa kwa C++ wala Python. Upande wa seva ulijengwa kwa Erlang, lugha ambayo wengi wa wabishi wa sebuleni hawajawahi kuiandika hata mstari mmoja. Ilianzia miaka ya 1980 katika kampuni ya Ericsson ya Sweden, kwa ajili ya mitambo ya simu za mezani. Kwa kujumlisha na kuzidisha, Erlang si ya kwanza wala ya pili. Sifa yake ni kuhudumia mazungumzo mengi sana kwa wakati mmoja, na moja likiharibika, mengine yasiharibike. Facebook ilipotangaza kuinunua WhatsApp mwaka 2014, watumiaji walikuwa kama milioni 450 kwa mwezi, na wafanyakazi walikuwa 55 tu. Angekuwepo mtu wa kuwaambia wachague lugha kwa kuangalia saa ya mkononi peke yake, pengine leo makundi ya vikoba yangekuwa yanaitana kwa barua.

Turudi Tabata. Mama hakujua lolote kati ya hayo, na hakuingia kwenye ubishi. Alichofanya ni kutoa kaunta buku ya mwaka uliopita, ile ambayo wanachama walishaisaini na kugawana fedha zao, akamwambia yule kijana: "Baba, na wewe tuandikie ya kwako, kwa hiyo lugha yako. Jumamosi tuzilinganishe na daftari." Kijana alikubali kwa furaha. Zilimchukua jioni mbili.

Jumamosi, programu ya C++ ilimaliza kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Ya Python, sekunde sita zilezile. Baba akatikisa kichwa. Mama akavaa miwani, akaanza kupitia jumla za kila wiki, moja baada ya nyingine, kidole kikishuka kwenye daftari. Wiki ya 10, sawa zote. Wiki ya 20, sawa. Wiki ya 35, shilingi 21,000,000, sawa zote mbili. Wiki ya 36, Python ikasema 21,600,000, kama daftari. C++ ikasema hasi 21,349,672.

"Hasi?" mama akauliza. "Nani kala?"

Hakuna aliyekula. Kijana alikuwa amehesabu kwa senti badala ya shilingi, na alifundishwa hivyo kwa sababu nzuri. Kompyuta haiziwezi desimali vizuri: ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2, ndani yake inapata 0.30000000000000004. Hilo liko kwenye Python, liko kwenye C++, liko kwenye JavaScript, na kwenye hesabu za fedha linaleta ugomvi. Kwa hiyo wajuzi huhesabu kwa namba kamili za kiwango cha chini kabisa, yaani senti.

Tatizo ni kwamba kwenye C++, namba kamili ya kawaida ina ukomo. Kwenye kompyuta nyingi ukomo huo ni 2,147,483,647. Ikizidi hapo, kwa kawaida hugeuka kama ile mita ya kilomita ya gari la zamani, isipokuwa badala ya kurudi sifuri inaangukia upande wa hasi. Shilingi 21,600,000 ni senti 2,160,000,000. Kikoba cha wanawake 30 wa Tabata kilikuwa kimevuka ukomo bila kelele yoyote. Programu haikulia wala kusimama. Iliendelea kutoa majibu, kwa kasi ya ajabu, na yote kuanzia hapo yalikuwa uongo.

Python haina ukomo huo kwa namba kamili; namba ikikua, yenyewe huiongezea nafasi. Ni sehemu ya sababu ya upole wake. Na yule kijana asionewe, wakubwa zake wamepita hapohapo: mwaka 2014 YouTube ilitangaza kwamba wimbo wa Gangnam Style wa Mkorea Psy umevuka ukomo huohuo wa kaunta ya watazamaji, ikabidi waiongeze.

Alirekebisha ya kwake kwa dakika chache kwa kubadilisha aina ya namba. Kisha akafanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa siku ya kwanza. Akavuta kiti, akasema, "Dada, hebu fungua ya kwako tuone hizo sekunde sita zinakwenda wapi." Ilikuwa mara ya kwanza kuisoma programu aliyoicheka.

Hawakutafuta sana. Kwa kila mchango, programu ya binti ilikuwa ikifungua faili upya na kulisoma kuanzia juu hadi chini. Mistari 1,560, mara 1,560: zaidi ya mistari milioni 2.4 ilisomwa ili kupata kilichoweza kupatikana kwa kusoma mara moja. Ni sawa na katibu anayefungua daftari ukurasa wa kwanza kila mwanachama anapotaja jina lake. Binti akaandika upya sehemu hiyo, faili lisomwe mara moja na kila jina liwekwe na michango yake kwenye kile ambacho Python yenyewe inakiita kamusi. Wakaendesha. Jibu likaja kabla hujapepesa jicho. Saa ya ukutani haikuweza tena kuonyesha nani kobe nani sungura. Ya C++ bado ilikuwa mbele, lakini kwa tofauti ambayo kikao cha Jumapili cha akina mama 30 hakitakaa kiione.

Baba aliuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa nyumba ile: sasa, hiyo njia ya kusoma mara moja, mtu akiijua kwa Python anaijua na kwa C++? Kijana akasema ndiyo. Lugha ya pili haimchukui mtu muda kama ya kwanza, kwa sababu kurudia, kulinganisha na kupanga ni yaleyale. Kinachobadilika ni maandishi. Baba akalipa ile 75,000 mwenyewe, na mkopo wa kikoba ukarudishwa kabla ya riba. Mdogo wao wa darasa la nne, aliyekuwa akichungulia muda wote, amewekewa Scratch, ile ya kupanga vipande vya rangi iliyotoka MIT mwaka 2007. Ina Kiswahili, na huyo hana habari na kasi. Anataka paka atembee.

Kwa mzazi anayeombwa ada, jina la lugha si la kuliuliza kwanza. Ombeni kuona kitu kimoja ambacho mtoto amekiandika mpaka mwisho na kikatumika na mtu mwingine. Mwalimu asiyeweza kuonyesha hata kimoja, hata akifundisha lugha yenye kasi kuliko zote duniani, anauza majina.

Kikoba sasa kinatumia programu ya binti, na kaunta buku bado inajazwa kwa kalamu pembeni, kwa sharti la mama. Ubishi wa sasa ni mwingine. Faida ya shilingi 1,000,000 ukiigawa kwa wanachama 30, kila mmoja anapata 33,333 na shilingi 10 zinabaki. Binti aliuliza programu izipeleke wapi. Kijana alisema zikatwe tu, hakuna atakayeona. Mama alizipeleka kwenye kikao, zikajadiliwa robo saa nzima, na imeamuliwa ziingie mfuko wa jamii.