Mbwamwitu na Kunguru

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na aghalabu methali hiyo hutumiwa kumwonya mwenye tamaa. Hata hivyo, wapo wanaoshika mbili si kwa tamaa, bali kwa kuwa moja pekee haikuwatosha. Miongoni mwao ni mwanamke mmoja mzaliwa wa Unguja, muuguzi wa zamu za usiku katika mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Maana ya methali hiyo aliipata mahali asipopatarajia, nayo ni meza ya mchezo.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1974 na kutungwa na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, pamoja na Dave Arneson, mwenyeji wa Minnesota. Hauna mshindi wala mshinde. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi, naye huieleza dunia ya kubuni: misitu yake, magofu yake, maadui wake. Kila mmoja wa waliosalia humchukua mhusika aliyemwandika mwenyewe kwenye karatasi, akaamua anasema nini na anatenda nini. Jambo likiwa na shaka, huamuliwa kwa dadu yenye pande 20. Aliyelelewa kwa “Paukwa” na “Pakawa” haoni ugeni mkubwa hapo, ila kwamba msikilizaji naye hushika upanga akaingia ndani ya hadithi.

Muuguzi yule aliingia mchezoni katika majira ya baridi ya mwaka 2005, kwa mwaliko wa mfanyakazi mwenziwe. Kundi lilikuwa la watu watano, waliokutana kila Jumamosi katika chumba cha chini ya nyumba, theluji ikiwa imeziba madirisha hadi nusu. Walitumia kanuni za mwaka 2003, zile ziitwazo toleo la 3.5. Yeye alichagua fani ya druidi, yaani kuhani wa misitu, kwa sababu druidi hupewa mwenzi wa porini tangu daraja la kwanza. Katika orodha ya wanyama wa kuchagua mlikuwa na tai, farasi, nyoka, hata ngamia. Akamchagua mbwamwitu. Kwao Unguja hakuwahi kumgusa mbwa. Lakini katika nchi ile ya barafu aliona kwamba, endapo atatembea usiku hata kwa kubuni tu, basi atembee na mwenye meno.

Mnyama wa druidi hakui kwa umri. Hukua kwa madaraja ya bwana wake. Druidi akifika daraja la tatu, mbwamwitu wake, aliyeanza na dadu mbili za uhai, hufikisha nne. Akifika la sita, hufikisha sita, na juu ya hayo hupata sifa iitwayo uaminifu, inayomwongezea nne katika kila dadu atakayoitupa kuupinga uchawi wa kuuteka moyo. Hayo yote aliyajua. Karatasi yake aliitunza kama anavyotunza chati ya mgonjwa.

Alipotimiza alama 15,000 na kustahiki daraja la sita, ndipo alipoitazama fani ya pili. Kanuni zinamruhusu mhusika kuchanganya fani: daraja jipya si lazima aliongeze kwenye kazi yake ya zamani, anaweza kuanza nyingine kutoka chini. Wa jamii nyingine huweza kutozwa fungu la alama kwa kuchanganya bila uwiano, ila mhusika wake alikuwa binadamu, na binadamu mwenye fani mbili hatozwi. Akataka daraja moja tu la uchawi wa vitabuni. Mchawi wa aina hiyo, kwa kazi ya siku nzima na vifaa vya vipande 100 vya dhahabu, humpata mwandani: kiumbe mdogo aliyefungamana naye moyo kwa moyo, akihisi anayoyahisi hata kwa umbali wa maili moja. Yupo paka, yupo popo, yupo chura. Yupo pia kunguru mkubwa mweusi wa nchi za baridi, na huyo ana jambo wasilokuwa nalo wengine: huzungumza lugha moja, ile atakayoichagua bwana wake.

Akachagua Kiswahili.

Wenziwe walicheka kwanza, kisha wakanyamaza walipoona kwamba hacheki. Walikubaliana kwamba kila neno la kunguru litasemwa kwanza kwa Kiswahili, halafu ndipo litafsiriwe. Ikumbukwe kwamba mwanamke huyu alikuwa akilala mchana na kufanya kazi usiku. Lugha yake ilikuwa imebakia ndani ya kadi ya simu, dakika chache kila Jumapili. Zilipita wiki ambazo hakuitamka kwa sauti mbele ya mtu aliye hai. Sasa, kila Jumamosi, alikuwa na ruhusa. Kunguru alipaa, akarudi, akasema: “Kuna watu watatu ng'ambo ya mto, na mmoja wao amelala.” Na watu wanne wasiojua hata neno moja walisubiri kwa adabu mpaka amalize.

Jumapili alimpigia mama yake, na baada ya shikamoo na habari za jamaa akamsimulia. Mama yake, ambaye kunguru kwake ni wale walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wale taka na badala yake wakala vifaranga, alishangaa. “Mwanangu, kunguru hafugiki huyo,” alimwambia. “Na ukimfuga, atakula cha mwenzake.”

Ndivyo ilivyokuwa, kwa hesabu. Daraja lile moja halikuwa la bure. Muuguzi sasa alikuwa mhusika wa daraja la sita, lakini druidi wa la tano. Mbwamwitu alibaki na dadu nne, na uaminifu haukufika. Kitabu kimoja cha nyongeza cha mwaka 2005 kilikuwa na kipaji cha kuziba pengo kama hilo, ila kundi lao lilitumia vitabu vitatu vya msingi tu. Pengo likakaa wazi.

Usiku mmoja katika hadithi, kwenye magofu ya ngome, walikutana na mchawi wa daraja la saba. Hakumtazama mpiganaji wala mwizi mwepesi wa kundi. Alimwelekezea mbwamwitu mkono, akamtupia uchawi wa kuvuta moyo. Ili aushinde, mnyama alihitaji kufikisha 17. Dadu ikaanguka: 11. Kwa nguvu zake za wakati ule aliongeza mbili tu, ikawa 13. Lau daraja lile lingalikwenda kwa druidi, angaliongeza saba, ikawa 18. Hakuna aliyelitamka hilo mezani, lakini kila aliyekuwa na penseli alikuwa amekwisha kulijumlisha.

Mbwamwitu hakumng'ata mtu. Alitembea polepole, akaenda kulala miguuni pa adui. Mchawi alipozidiwa akakimbilia gizani, naye akamfuata.

Uchawi ule hudumu siku moja kwa kila daraja la aliyeutuma, yaani siku saba. Katika kundi lao hapakuwa na mwenye elimu ya kuubatilisha. Lakini palikuwa na njia nyingine, na mwizi mwepesi ndiye aliyeisoma kwa sauti: druidi anaweza kumwachilia mwenzi wake, akakaa katika ibada kwa muda wa saa 24, akampata mwingine. Siku moja tu, na mbwamwitu mpya angekuwa na dadu zile zile, meno yale yale. Wakati huo huo hazina waliyoitafuta kwa miezi miwili ilikuwa nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa mbele yao. Alilosema halikuwa la kikatili. Kwa mujibu wa kitabu lilikuwa sahihi kabisa.

Yeye alijibu kwamba hatamwachilia aliyechukuliwa kwa hesabu aliyoifanya yeye mwenyewe. Kama mbwamwitu alikuwa dhaifu, basi udhaifu ule ulikuwa bei ya kunguru, na aliyefaidi kunguru si mbwamwitu. Wakapiga kura, wawili kwa wawili, na msimulizi hana kura. Mwishowe mpiganaji akabadili yake. Waliuacha mlango.

Jumamosi tatu zilipita katika kumfuatia, na ndipo ilipoonekana thamani ya yule aliyelaumiwa. Mbwamwitu asingeweza kumtafuta kunguru. Kunguru aliweza kumtafuta mbwamwitu. Alipaa kila asubuhi, akarudi kila jioni, na muuguzi akayasema maneno yake. Siku ya nane ya hadithi alirudi na maneno mawili tu: “Yu hai.” Alipotaka kuyatafsiri, wenziwe walimwambia hakuna haja.

Wengi wanaochanganya fani ili wapate viumbe wawili hulalamika kwamba wote wawili watakuwa dhaifu, na wana haki. Ila wenzi si wa namna moja. Yupo anayehitaji kila daraja la bwana wake, mwaka hadi mwaka, na akikosa moja hubakia nyuma. Yupo mwingine ambaye jambo lake kuu hulitoa lote siku ya kwanza. Sauti ya kunguru ilikuwa timilifu tangu daraja moja. Ya pili isingemfanya aseme vizuri zaidi. Kosa la muuguzi, kama ni kosa, halikuwa kuwashika wawili, bali kudhani kwamba wote watasubiri sawasawa.

Alipofikisha alama 21,000 na kupata daraja la saba, hakusita. Alifuta namba tano mbele ya neno druidi, akaandika sita. Akafuta dadu nne za mbwamwitu, akaandika sita, na chini yake, kwa herufi alizozirudia mara mbili ili zikolee, akaandika: uaminifu. Mstari wa kunguru akauacha ulivyo.

Hazina waliikuta imekwisha kuchukuliwa na wengine, na kundi halikumsamehe kwa haraka. Jumapili iliyofuata alimpigia simu mama yake, akitarajia kusikia tena habari ya kunguru. Lakini bibi yule, baada ya kuitikia marahaba, aliuliza kwanza: “Na yule mbwa wako, karudi?”