Nilianzia 1844

Kwa miaka kadhaa nilifundisha historia ya fasihi ya Kiswahili nikiianzia mwaka 1844, mmisionari Krapf aliposhuka Mombasa. Wanafunzi wangu walikuwa vijana wanaosomea nyumbani, wanangu na wengine wa familia tunazosali pamoja. Wazazi walinikabidhi somo hilo kwa sharti moja: lifundishwe kwa jicho la Kikristo. Mimi nikafanya kana kwamba jicho la Kikristo haliwezi kumtazama ila Mkristo.

Muhtasari wangu ulipendeza. Krapf na Rebmann. Askofu Steere wa Unguja na hadithi alizochapisha 1870. Biblia nzima, 1891. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, 1934. Kisha Utenzi wa Enjili Takatifu wa Mathias Mnyampala, 1963. Shaaban Robert alipita kwa haraka, kwa aibu ya kumwacha. Muyaka, Mwana Kupona, Al-Inkishafi: hata majina sikuyataja. Hakuna nililolisema lililokuwa la uongo. Uongo ulikuwa katika niliyoyanyamazia.

Mnyampala ndiye aliyeniumbua. Binti mmoja alihesabu mizani, nane kila kipande, akaona vina vitatu vinavyofanana na cha nne kinachorudi katika kila ubeti, akauliza: “Mwalimu, mtindo huu aliutoa wapi? Umo kwenye Biblia?” Nikababaika. Mnyampala, Mgogo Mkatoliki wa Dodoma, aliisimulia Injili kwa bahari ya ushairi iliyokomazwa na Waislamu wa pwani, ile ile aliyoitumia Mwana Kupona mwaka 1858 kumuusia bintiye. Ukimfuta Mwana Kupona, Mnyampala anabaki hana ukoo. Na si yeye tu. Hadithi za Steere zilisimuliwa na watu wa Unguja. Mmisionari Taylor wa Mombasa asingezipata tungo nyingi za Muyaka, mshairi wa Mombasa, bila msaada wa Mwalimu Sikujua. Hao wote niliwaondoa, nikawabakiza waliojifunza kwao.

Lakini Utendi wa Tambuka ndio unaonisuta zaidi, kwa sababu huo niliuficha kwa makusudi. Ni miongoni mwa tenzi kongwe kabisa zilizotufikia. Nakala yake ina tarehe ya 1728, na mtunzi wake ni Mwengo wa Athumani wa kisiwa cha Pate. Ndani yake majeshi ya Kiislamu yanapambana na Herekali, mfalme wa Rumi, na Wakristo ndio maadui. Nilihofia vijana wangu wangejisikiaje wakijikuta upande huo wa vita. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na somo lenyewe. Wakristo ambao Pate ya wakati ule iliwajua kwa karibu walikuwa Wareno wenye mizinga, waliojenga ngome Mombasa mwaka 1593 wakaibandika jina la Yesu, wakatolewa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Kijana Mkristo anayepita mbele ya Fort Jesus kila likizo ana haki ya kujua jinsi imani yake ilivyoonekana kutoka upande wa pili wa ukuta.

Nilikuwa nikijitetea kwamba nailinda imani yao. Paulo hakuilinda hivyo: pale Areopago, katika Matendo 17, aliwanukulia Wagiriki washairi wao wenyewe, watu wasiomjua Kristo. Ili awanukuu ilibidi awe anawajua. Na nikisema kweli yote, sehemu kubwa ya woga wangu haikuhusu imani. Al-Inkishafi sikuwa nimeisoma hadi mwisho, niliogopa maswali. Nilipoisoma, nikamkuta Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akiuonya moyo wake kwa magofu ya majumba ya Pate, na kijana yeyote aliyelelewa na kitabu cha Mhubiri angemwelewa upesi kuliko nilivyomwelewa mimi.

Wapo wazazi wanaosema sasa nawachanganya watoto. Waliochanganywa ni wale wa mwanzo, walioondoka kwangu wakiamini kwamba Waswahili walisubiri meli kutoka Ulaya ndipo watunge.

Muhtasari ule wa zamani ulisambaa kwa familia nyingine, na najua bado unatumika. Mzazi mwenzangu, kama unao, acha kuutumia. Anzia Pate.