Saa Tano na Nusu za Maskati

 

Wiki hii kaja bi harusi dukani kwangu kupimwa nguo. Posa imetoka Maskati. Nikamuuliza, kwenda mbali hivyo mwenyewe unaonaje? Akacheka. "Dada, si mbali. Saa tano na nusu tu za ndege."

Nikaacha kupima. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, miaka sita nyuma, nikimwambia mama.

Posa ya mdogo wangu ilipokuja mama alisita, mimi ndiye niliyemtuliza. Nikamwambia kutoka kwetu Unguja mpaka Maskati ni kama kilomita 3,900, asubuhi unapanda, mchana ushafika. Saa yao imetuzidi moja tu, na Kiswahili kule utakisikia. Zamani wazee wakienda kwa jahazi, wakingoja kusi iwapeleke na kaskazi iwarudishe. Sisi tuna shida gani? Mama akaridhika, nikamshonea mdogo wangu nguo zote za sandukuni.

Mwaka juzi mama alifariki alfajiri. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Maiti hacheleweshwi, baada ya sala ya Adhuhuri tulikuwa tushamzika.

Mdogo wangu tulimpigia simu mara moja. Lakini siku ile hakukuwa na ndege ya moja kwa moja. Mumewe alikuwa Salalah kikazi, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Maskati, na pasi ya mkewe imo kabatini kwake, ufunguo kaondoka nao. Si mtu mbaya shemeji yangu, aliiweka isipotee. Alirudi usiku ule ule. Mdogo wangu akapitia nchi nyengine, akalala kiwanjani, akafika siku ya tatu tunaondoa tanga.

Akanishika mkono, "Dada, zile saa tano na nusu ziko wapi?" Sikuwa na jibu.

Na ukweli ni kuwa hata ndege ingekuwepo alfajiri ile ile, kuzika asingewahi. Zile saa ni za angani tu. Tiketi, ruhusa, pasi na nauli hazimo.

Sisemi msiolewe mbali, dada zangu. Mume ni riziki, na riziki anapanga Mwenyezi Mungu. Ninachosema, semeni kabla ya nikaha, mbele ya walii wako, wakati kila mtu bado anacheka:

Pasi yako unakaa nayo wewe.

Nauli ya kwenda na kurudi inawekwa pembeni, haiguswi kwa jambo jengine.

Safari ya kuja kuwaona wazee ni kila baada ya muda gani.

Kuyasema si utovu wa adabu. Masharti mliyokubaliana kwenye ndoa ni ahadi, na Muislamu hutimiza ahadi yake. Shemeji yangu mwenyewe siku hizi pasi kampa mkewe na nauli wanaiweka.

Na kila ukiaga nyumbani, omba radhi za mama yako kama hutomuona tena. Mdogo wangu aliziomba safari yake ya mwisho. Hilo ndilo linalompa usingizi.

Yule bi harusi alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie yale matatu nyuma ya karatasi ya vipimo vyake. Nimemwandikia.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na awape umri wenye kheri waliobaki. Amin.