Ratiba Isiyomfikia Nyanya

Kabla ya simu za mkononi kuenea Gusii, vikundi vyetu vya maigizo vilipanga kazi kwa daftari la shule na kwa miguu. Mpangaji alipiga mistari kwa rula: namba ya onyesho kushoto, waigizaji katikati, maleba na vifaa kulia. Aliyeishi Keroka aliandikiwa barua, ikakabidhiwa kondakta wa matatu aiache kwenye duka la karibu na steji. Aliyeishi ndani zaidi, huko Manga au Tabaka wanakochonga mawe ya sabuni, alifuatwa nyumbani.

Kumfuata mtu nyumbani kulikula siku nzima, lakini siku hiyo haikupotea bure. Ulifika bomani, ukapewa kiti, ukaletewa chai, kisha habari zikaanza kutoka. Ijumaa msije, jirani anazikwa. Jumanne gari la kiwanda linapita kuchukua majani ya chai, hakuna mtu mzima atakayekuwa huru kabla ya kupima. Na mchana ukishageuka, hesabuni mvua. Katika milima hii unyevu wa Ziwa Victoria hupanda na kuwa wingu zito baada ya adhuhuri, na mara nyingine hushuka mawe. Kwa hiyo maonyesho ya nje tuliyaweka asubuhi. Zilipokuja kamera ndogo za video tukajifunza jambo jingine: mvua ikipiga mabati humeza sauti za waigizaji, hivyo hata ndani ya nyumba alasiri ilifaa zaidi kwa picha zisizo na mazungumzo.

Katika safari hizo za nyumbani ndipo tulipowapata wazee. Nyanya aliyetupa ua wake tuupige picha alitusikiliza tukifanya mazoezi, akatukatiza. Akatuonyesha mahali wazee wa pande mbili wanapokaa siku ya kujadili mahari, nani huanza kusema na nani hungoja. Ekegusii chake kilikuwa na kina ambacho sisi vijana wa shule hatukuwa nacho. Tulimwomba aigize, akakubali. Filamu nyingi za vichekesho na za nyumbani zilizouzwa kwa VCD mjini Kisii zilibebwa na watu wa namna yake, ambao hawakuwahi kuingia darasa la uigizaji.

Mambo yakabadilika hatua kwa hatua. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na ikawezekana kumlipa mwigizaji jioni ileile bila kumsafirisha hadi mjini. WhatsApp ikaja, barua ya kondakta ikafa. Kisha zikafika programu za kupangia utayarishaji wa filamu: Movie Magic Scheduling, inayotumiwa na studio kubwa za Marekani, StudioBinder, na Celtx kutoka Kanada, ambayo mwanzoni ilipakuliwa bure na kutumika kwenye kompyuta bila intaneti, kabla ya kuhamia mtandaoni kwa malipo ya usajili.

Ni kazi nzuri, na ninaiheshimu. Unaingiza mswada, programu inauvunja kuwa maonyesho na kupima kila onyesho kwa sehemu ya nane ya ukurasa. Kila onyesho linakuwa kipande cha rangi. Kwa desturi ya Marekani cheupe ni ndani mchana, cha njano ni nje mchana, cha buluu ni ndani usiku na cha kijani ni nje usiku. Ukihamisha kipande kimoja, siku zote zinajipanga upya. Mwigizaji akiwekwa siku ambayo hayupo, unaonywa. Usiku karatasi ya kazi ya kesho inaingia kwenye simu ya kila mtu: saa ya kufika, mahali, maleba, nani wa kumpigia. Kwa daftari, mabadiliko kama hayo yalitugharimu usiku mzima na ugomvi juu yake.

Lakini kila mtu anayeitwa na ratiba hii ni lazima awe na simu inayofungua hati, bando, na mtandao unaofika bondeni kwake. Nyanya ana mulika mwizi, simu ndogo ya vitufe. Anaweza kupigiwa, ila kumpigia ni kazi ya ziada, na kazi ya ziada huachwa timu inapokuwa na haraka. Basi polepole jina lake limetoka. Nafasi yake anapewa msichana wa mjini aliyepakwa unga kwenye nywele, anayeongea Ekegusii kilichochanganyika na Kiingereza. Boma la nyanya limebaki kwenye ratiba kama anwani ya kupigia picha. Mwenye boma hayumo.

Jambo hili linaniuma kuliko kupotea kwa madaftari yenyewe. Lugha yetu ina redio, Egesa FM ikiwa mojawapo, na ina vijana wenye kamera bora kuliko zote tulizowahi kushika. Tunachopunguza kila mwaka ni watu wanaoijua lugha hiyo mpaka chini, na tunawapunguza kwa sababu tu hawamo kwenye kundi la WhatsApp. Wakifa, hakuna usajili wa kulipia utakaowarudisha.

Dawa haihitaji kuitupa programu. Kila moja ina nafasi ya maelezo chini ya onyesho: andikeni humo siku ya majani, matanga ya jirani, na saa ambayo mvua huanza upande huo wa mlima. Orodha ya waigizaji iwe na alama kwa kila asiye na simu ya kisasa, na mtu mmoja wa timu atajwe kwa jina kuwa ndiye atakayemfikia. Nauli yake iwekwe kwenye bajeti pamoja na mafuta ya gari la kamera. Afike mapema, akae, anywe chai, asikilize.

Kwenu mnaopiga picha Kisii na Nyamira leo: kabla hamjatuma ratiba ya wiki ijayo, mfuateni mzee mmoja nyumbani kwake, mumwulize kama onyesho mnalopanga kupiga liko sawa. Kisha mwekeni ndani yake.