Siku tatu kwenye mahekalu ya Angkor: hesabu ya wamama wanne



Majuma mengi tumezungumza hapa juu ya sabuni, pesa ya masomo na likelemba. Juma hili mturuhusu tuwaelezee safari, na tena safari ambayo bado hatujaifanya. Wengi mmesikia habari zake sokoni, na wengine wamezisikia vibaya. Afadhali mzipate kwetu wenyewe.

Sisi ni wamama wanne, wachuuzi hapa Lubumbashi. Kila mwaka tunaenda Guangzhou kununua viatu vya watoto, mashuka na vyombo vya jikoni. Tunabadilisha ndege Addis Ababa, tunafika, tunazunguka maghala tangu asubuhi mpaka miguu inavimba, tunalala wawili wawili kwenye kitanda kimoja, tunarudi. Ukituuliza China ikoje, tutakutajia bei ya katoni. Na kila mara kuna siku nne za bure, kati ya siku ya kulipa na siku ya bidhaa kuwa tayari. Siku hizo tunazimaliza ndani ya chumba, tukipika wali na kuzungumza habari za nyumbani.

Safari ijayo tumekata shauri siku hizo nne tuzitumie Kambodia, nchi ya Wakhmer, tukaone mahekalu ya mawe ya Angkor. Kutoka Guangzhou mpaka kule ni kama saa tatu kwa ndege.

Kwa nini kule? Mwenzetu mmoja, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuuza mashuka, alitusomea habari za Mchina mmoja aitwaye Zhou Daguan. Alifika Angkor mwaka 1296 pamoja na wajumbe wa mfalme wake, akakaa karibu mwaka mzima, akaandika aliyoyaona. Aliandika kwamba katika nchi ile biashara imo mikononi mwa wanawake. Soko linaanza mapema asubuhi, linaisha adhuhuri, hakuna maduka, kila mwanamke anatandika mkeka wake chini, na analipa kwa wakubwa kodi ya pale alipokaa. Aliposoma mpaka hapo tulicheka sote. Kumbe tiketi ya soko ni ya zamani hivyo! Na wanawake wale wamechongwa kwenye kuta za hekalu liitwalo Bayon: wanauza samaki, wanapika, na mmoja yuko katika kuzaa, wenzake wamemshika. Wafalme wengi hutuachia sanamu zao tu. Huyu aliacha pia mama wa samaki. Tukasema, twende tukamwamkie.

Mfalme mwenyewe ni Jayavarman wa Saba, aliyeanza kutawala mwaka 1181. Alijenga mji wa Angkor Thom, wenye ukuta wa kilomita tatu kila upande, na katikati yake hiyo Bayon yenye minara ya nyuso kubwa za mawe zinazotabasamu. Mwaka 1186 aliweka wakfu hekalu la Ta Prohm kwa heshima ya mama yake. Jiwe la maandishi lililokutwa pale linasema watu 12,640 walikaa ndani ya hekalu, na linataja hospitali 102 katika nchi nzima. Leo mizizi ya miti mikubwa imekumbatia kuta zake. Tena kuna bibi yake, Indradevi, mwanamke mwenye elimu kubwa aliyefundisha wanawake wengine. Dada yake mdogo aliolewa na mfalme kwanza. Alipokufa, Indradevi ndiye aliyeolewa, na ndiye aliyetunga maandishi ya kumsifu marehemu dada yake, kwa lugha ya Kisanskriti. Miaka zaidi ya mia nane imepita, na bado tunajua dada yule alikuwa mtu wa namna gani kwa sababu yaya wake alijua kuandika.

Sasa maneno ya watu. La kwanza tuliloambiwa ni kwamba wakristo hawaendi kutazama miungu ya watu. Tumelizungumza bila haraka, kwa sababu waliotuambia ni wazee wetu. Angkor Wat, lile kubwa lenye minara iliyo kwenye bendera ya Kambodia, lilijengwa na Suryavarman wa Pili katika nusu ya kwanza ya karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, na baadaye likawa la Wabudha. Mpaka leo watu wanasali mle. Sisi hatuendi kusali. Tunaingia kwa adabu kama tunavyoingia kwenye nyumba ya jirani aliye na dini yake, na tunaona pia kwamba mgeni wetu wa dini nyingine akitutembelea kanisani, tunampa kiti.

Jambo la mavazi kwetu ni jepesi: wanataka mabega na magoti yafunikwe. Wageni wengi wanarudishwa kwa sababu ya kaptula. Mwenye kikwembe anapita.

La pili ni pesa, na hapo hatuwalaumu wanaouliza. Tiketi ya siku moja ni dola 37, ya siku tatu ni dola 62. Mtu anayetaka siku mbili akikata mbili za siku moja analipa 74, kwa hiyo tiketi ya siku tatu ni nafuu hata kama siku ya tatu utalala. Si lazima siku hizo zifuatane. Wanapiga picha yako palepale na kuibandika kwenye tiketi, basi hakuna kuazimana. Dola mbili za kila tiketi zinaenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha, na hilo lilimnyamazisha mwenzetu aliyekuwa anataka tuombe kupunguziwa. Visa ya matembezi ni dola 30. Tiketi na visa kwa watu wanne inafika dola 368, bila ndege wala chumba. Pesa hiyo haikutoka kwenye likelemba, hata franka moja. Kila mmoja aliweka yake pembeni, dola mbili mbili kila siku ya posho, kwenye kopo, kwa zaidi ya miaka miwili. Mume wa mmoja wetu alisema pesa hiyo ingenunua bati. Ni kweli, ingenunua. Bati lake alilinunua bibi yake mwaka juzi.

Kuna mtego mmoja ambao wafanyabiashara wenzetu wauangalie. Visa ya China ya kuingia mara moja inakwisha ukishatoka. Ukienda Kambodia siku mbili, hurudi tena kwenye bidhaa zako. Lazima uombe ya kuingia mara mbili tangu hapa nyumbani. Na kadi ya manjano ya chanjo isibaki kwenye kabati: sisi tunaotoka nchi ya homa ya manjano tunadaiwa kadi hiyo kule.

Tumechagua mwezi wa kwanza, kwa sababu toka mwezi wa 11 mvua zimekwisha, na mwezi wa nne joto ni kali mno. Mwaka 2025 Kambodia na Tailandi walipigana mpakani, na njia za barabara zikafungwa. Sisi watu wa Kongo hatuhitaji kufundishwa mpaka uliofungwa ni kitu gani. Tutapita angani, na hakuna atakayelipa ndege kabla hatujasikia habari za juma lile.

Mkubwa wetu ana miaka 63 na magoti mabaya. Kwa ajili yake tumepanga kila kitu upya, na mpango umekuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Ghorofa ya juu ya Angkor Wat ina ngazi zilizosimama kama ukuta. Hataipanda. Atabaki chini kwenye baraza ndefu zenye michoro ya mawe, na kwa kweli hizo ndizo mali ya pale. Bayon pia, mama wa samaki yuko kwenye kuta za chini. Siku ya pili tutaenda Banteay Srei, nje ya mji, safari ya karibu saa moja kwa tuk-tuk. Ni hekalu dogo, la mawe mekundu kama waridi, liliwekwa wakfu mwaka 967, michoro yake ni laini kama kazi ya sindano, na mahali pake ni tambarare. Jina lake maana yake ni ngome ya wanawake. Mkubwa wetu alisema hilo limeandikwa kwa ajili yake.

Kitu kimoja kinatuvuta zaidi ya vyote, nacho ni hekalu la Baphuon. Mafundi walilifungua jiwe kwa jiwe katika miaka ya 1960, mawe karibu 300,000, wakaandika kila moja mahali pake. Vita vikaja. Toka 1975 mpaka 1979 Khmer Rouge waliua watu wao wenyewe kwa mamia elfu, na makaratasi yale yote yakaharibiwa. Mawe yakabaki msituni, hakuna aliyejua lipi ni la wapi. Mwaka 1995 walianza tena, wakitafuta jiwe linalokubaliana na jiwe, na wakamaliza mwaka 2011. Angkor yenyewe iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1992, pamoja na orodha ya mahali palipo hatarini. Mwaka 2004 ikatolewa hatarini. Virunga yetu iko kwenye orodha hiyo ya hatari tangu 1994. Mwenzetu mmoja alizaliwa Rutshuru. Anataka kusimama mbele ya Baphuon, na hatukumwuliza sababu.

Yeye ndiye ambaye bado hajakubaliwa nyumbani. Binti yake anafanya mtihani wa serikali mwaka huu, na mama mkwe anasema mama mzuri hasafiri kutazama mawe wakati mtoto anajiandaa. Binti mwenyewe amesema mama aende, amletee picha ya Indradevi. Tumemweleza kwamba hakuna sanamu yenye jina lake tunayoijua, yapo maandishi. Amesema basi picha ya maandishi.

Pasipoti zinapelekwa kuombewa visa mwisho wa mwezi huu. Tuk-tuk moja inabeba watu wanne. Nafasi yake wameiomba wawili tayari, na wote wawili tumewajibu kwamba haijawa wazi.