Mafia: Chini ya Maji, Kila Kinachoning'inia Unakilipia

Ukisikia neno "kuzamia" pengine unafikiria harusi usiyoalikwa, au kijana aliyejificha kwenye meli akitafuta maisha Ulaya. Leo nakuletea kuzamia kwa aina nyingine. Hii unafundishwa, unapewa cheti, na unashuka na mtungi wa hewa mgongoni kwenda kuwasalimia samaki kwao.

Mimi na shemeji yenu tulichukua vyeti vyetu Unguja. Kwa hiyo ilipofika miaka 6 ya ndoa nikasema safari hii si hoteli ya mjini, ni Mafia. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, nusu saa na ushee, ikatushusha Kilindoni. Gari likatupeleka Utende, kijiji kinachotazama Ghuba ya Chole. Huku ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995, hivyo andaa ada ya kuingilia. Ukishafika, utulivu wake acha tu. Usiku unasikia mawimbi na popo wa Chole wakigombea matunda.

Kaka, unahama?

Sasa, shemeji yenu ni mtu wa vifaa. Alikuja na kamera yenye mikono miwili na taa mbili, tochi, kisu cha kufunga mguuni na kijifuko ambacho mpaka leo sijui kilibeba nini. Safari ya Unguja alisumbuliwa na kuelea, kwa hiyo kwenye mkanda wa risasi akaomba kilo 10. "Bora nizidi kuliko nipungue," akasema. Geji yake ya hewa na kipumulio cha akiba vikawa vinaning'inia mbele kama vikorokoro vya machinga.

Kiongozi wetu, mwenyeji wa Mafia mwenye maneno machache, alimtazama juu mpaka chini. "Kaka, unahama?"

Tulicheka wote. Kumbe mwenzetu hakuwa anatania.

Tulikuwa tunakwenda Kinasi, mlango ambao bahari kuu hupitia kuingia ghubani. Hapo watu huzama maji yanapojaa, ili mkondo uwasukume kuelekea ndani. Yanapotoka ni hatari, yanaweza kukuchukua mpaka bahari kuu. Tulishuka mita 15. Jamani! Matumbawe ya rangi zote, na wewe unapita juu yake bila kupiga hata teke, kama umepanda daladala isiyo na kituo.

Halafu shemeji yenu akamwona chewa. Mkubwa, amejiegesha chini ya mwamba, mdomo wazi kama mzee anayesubiri kahawa. Mkondo ulishatupitisha. Mimi nikapunga mkono, kwaheri babu. Mwenzangu akageuka kumfuata, akaanza kupiga mapezi kurudi tulikotoka.

Akapiga, akapiga. Hasogei. Taa za kamera zinayumba, geji inamgonga tumboni, miguu imeshuka chini amekaa kama mtu anayepanda ngazi, na mapovu yanatoka mfululizo. Nikamfanyia ishara: uko sawa? Akajibu kwa kidole gumba na cha shahada, duara safi. Niko poa. Baada ya dakika moja nikamuuliza tena. Poa.

Sikuridhika. Nikajivuta kwake, nikaishika geji yake mwenyewe. Tulianza na 200. Yangu ilikuwa 110. Yake inasoma 40, wakati tulikubaliana kwamba ikifika 50 tayari uwe juu. Tulikuwa na dakika 24 tu chini.

Kiongozi alikuwa ameshafika. Akampa kipumulio chake cha akiba, akamshika bega, tukapanda taratibu. Mita 5 tukasimama zile dakika 3 za usalama. Ndizo dakika ndefu kuliko zote katika ndoa yangu.

Kiganja na maji

Kwenye boti hakuna aliyesema. Kisha kiongozi akamwambia, "Kaka, ingiza mkono kwenye maji." Boti ilikuwa inakimbia. Akiuweka ubavu, vidole mbele, mkono unakata maji kama kisu. Akigeuza kiganja kikabili maji, mkono unatupwa nyuma mpaka bega linauma.

"Ni mkono uleule," akasema. "Na wewe leo ulikuwa kiganja."

Somo lenyewe ndilo hilo. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, kwa hiyo kila unachowatangulizia samaki, maji yanakisukuma nyuma. Geji inayoning'inia, taa na kijifuko ni vidogo kimoja kimoja, lakini vyote vinazuia. Kosa kubwa, alisema, lilikuwa zile risasi. Kila kilo 2 za ziada zinakudai karibu lita 2 za hewa kwenye jaketi ili usizame. Jaketi linavimba kifuani na mgongoni, risasi zinavuta kiuno, miguu inashuka. Badala ya kulala kama samaki, unasimama kama mlango, halafu unataka kuusukuma mlango huo ndani ya mkondo.

Na ukikasirika ukaongeza kasi ndio umekwisha. Ukienda mara 2 ya mwendo wako, maji yanakuzuia mara 4, na nguvu unayotumia inafika mara 8. Mapafu yanadai. Na kwa mita 15, kila pumzi inakula hewa ya mtungi mara 2 na nusu ya ile ambayo ungetumia juu.

Shemeji yenu alisikiliza yote, akaitikia, "Sawa." Mimi nilikuwa na jambo jingine.

Mwaka ule alipopunguzwa kazini, alivaa tai kila asubuhi kwa wiki 3 kabla sijajua. Nikimuuliza kazini vipi, poa. Usiku ule Utende nikamwambia: sikuumia kwa hewa kuisha, vifaa vinaisha. Nimeumia kwa lile duara. Alinyamaza muda mrefu. Akasema aliiona geji ikisoma 70, akaona aibu kwangu na kwa kiongozi. Akadhani atamaliza tu picha yake.

"Aibu ya nini? Mimi ndiye ninayepumua na wewe."

Kesho yake

Walimpima juu ya maji: jaketi halina hewa, pumzi ya kawaida, maji yanapaswa kufika usawa wa macho. Yeye akazama moja kwa moja. Zikatoka kilo 3. Mipira ikabanwa kwenye jaketi, kisu na kijifuko vikabaki botini, kamera pia. Mikono akaikunja kifuani. Tulikaa chini dakika 40, kina kilekile.

Kila dakika 5 alinigeuzia geji yake bila kuulizwa. 150. 120. 90. Na mimi nikamwonyesha yangu.

Ukitaka kwenda

Miezi ya Oktoba hadi Machi ni mizuri, na ndipo papa potwe huonekana upande wa Kilindoni. Kama bado mgeni, chagua siku za maji mafu. Wakati wa bamvua mkondo wa Kinasi una nguvu.

Omba upimwe risasi kila unapobadilisha nguo ya mpira au aina ya mtungi. Banisha kila mpira na kila geji. Kama hukihitaji, kiache botini.

Usipigane na mkondo. Samaki akikupita, yupo mwingine mbele.

Baada ya kuzama siku kadhaa, acha angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Sisi saa hizo tulizitumia Chole, tukitembea kwenye magofu, mikono mitupu. Picha ya chewa hatuna. Shemeji yenu anasema atarudi kumtafuta, na safari hii atakwenda kwa maji yanakokwenda.