Nati Niliyoificha Kwenye Kitambaa

Mvua imenyesha usiku kucha huku kwetu, na kila masika yakianza hivi mimi hukumbuka gari moja na jambo nililolifanya nikiwa chini yake. Nimelisimulia mara mbili tu, tena kwa watu wachache. Leo nawasimulia ninyi.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla kanisa halijaweza kunilisha nilikuwa makanika. Jumapili madhabahuni, Jumatatu chini ya gari. Sadaka ya wakati ule ililipa kodi ya ule ukumbi wa mabati, na ikibaki ilinunua mafuta ya jenereta. Mke wangu na watoto walikula kutoka kwenye spana.

Mteja wangu mmoja alikuwa Mzee mstaafu mwenye Porsche 911 SC ya mwaka 1981. Nivumilieni kidogo nieleze gari lenyewe, maana bila hivyo hamtaelewa nilichokosea. Hizi 911 za zamani, tangu ile ya kwanza iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 hadi zilipokoma mwaka 1998, hazina rejeta. Hazina maji kabisa. Injini iko nyuma, silinda tatu zimelala kulia na tatu kushoto, na inapozwa na feni kubwa inayopuliza hewa kwenye mapezi ya silinda, ikisaidiwa na oili zaidi ya lita kumi. Hata kupima hiyo oili kuna adabu yake: injini iwe moto, iwe inanguruma, na gari liwe mahali tambarare. Mhudumu wa petroli akipima injini ikiwa imezimwa, kijiti kinatoka kikavu, naye anamimina lita mbili. Halafu Mzee ananipigia simu kwamba gari linatoa moshi kama jiko la kuni!

Mzee hakuliendesha wakati wa masika. Ikifika katikati ya Machi aliliegesha, na mimi nilikuwa na miezi miwili au mitatu ya kulishughulikia polepole, ili mwezi wa Septemba alipeleke Concours d'Elegance kule Ngong Road, kwenye uwanja wa mbio za farasi. Pale majaji huinama hadi chini ya gari na tochi.

Mwaka ule kulikuwa na kazi kubwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubadilisha vikaza cheni. Vya kizamani vilijulikana kwa kulegea bila taarifa, na cheni ikilegea injini inaweza kujiua yenyewe kwa dakika moja. Kuanzia modeli ya 1984 kiwanda kilitoa vingine vinavyosukumwa na presha ya oili ya injini, na vinaingia kwenye magari ya nyuma pia. Mzee alikuwa ameviagiza Ujerumani, na alivifunua mbele yangu kama mtu anayefunua mtoto mchanga.

Ya pili ilikuwa kurekebisha valvu. Hii hufanywa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Valvu ni kumi na mbili, nafasi ya kila moja ni 0.1 mm, na sita za upande wa ekzosi ziko chini, kwa hiyo unalala chali na oili inakutiririkia hadi kwenye kiwiko. Nilipofungua kifuniko cha chini upande wa kushoto, kitu kilidondoka kifuani kwangu. Nati, na ndani yake kipande cha boliti.

Nililala pale nikikitazama. Nilijua ni nini.

Vichwa vya silinda vya injini ile vinashikwa na boliti ndefu ishirini na nne. Kumi na mbili za chini zilitengenezwa kwa aloi iitwayo Dilavar, ili injini ikipata joto zitanuke sawa na alumini. Wazo zuri. Lakini Dilavar haipendi unyevu. Kutu ikiishika kidogo inapata ufa, na mara nyingine hukatika gari likiwa limeegeshwa tu, usiku, hakuna aliyeligusa. Kuibadilisha si kazi ya saa moja. Unashusha injini na gia boksi kwa pamoja, unafungua vichwa, unachoma moto ili kisiki cha boliti kitoke, na vipuri vinatoka ng'ambo.

Mimi nilikuwa nimepatana bei ya vikaza na valvu. Nusu ya pesa nilikuwa nimeshaila. Nusu nyingine ningeipata Jumamosi, na Jumatatu mtoto wangu wa kwanza alikuwa anarudi shuleni. Nikajiambia: boliti moja kati ya ishirini na nne, gari litatembea tu. Na ni kweli lingetembea, huo ndio ubaya wake. Nikaifunga ile nati kwenye kitambaa, nikaitia chini ya kisanduku cha spana, nikarudisha kifuniko. Jumamosi Mzee alinilipa yote na akaniongezea ya sukari. "Pasta," akasema, "wewe nikikuachia gari nalala usingizi."

Sikujua kwamba kijana wangu wa mkono alikuwa ameniona. Alikuwa mtoto wa kanisani, miaka kumi na tisa, mwenye adabu, na hakusema neno. Wiki tatu baadaye tulikuwa tunamaliza Probox ya mama anayesafirisha mboga hadi sokoni. Nikapitisha mkono nyuma ya gurudumu kabla ya kulishusha kwenye jeki, nikagusa bomba la breki limelika na kulowa. Nikamwuliza kama hakuliona. Akasema aliliona. Kwa nini basi hakuniambia? Akatazama chini.

"Nilidhani tukishafunga, Pasta, tumefunga."

Hakuwa ananisuta. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa anaeleza kazi kama alivyofundishwa.

Tulibadilisha lile bomba. Jioni hiyo hiyo nilitoa kitambaa, nikapanda matatu katika mvua hadi kwa Mzee. Njiani nilitunga maneno mengi mazuri, sisi wahubiri hatukosi maneno. Nilipofika niliweka tu nati mezani.

Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga. "Umeijua tangu lini?"

"Wiki tatu, Mzee."

"Siku ile nilipokulipa ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema, "Mvua ni kubwa, utachelewa matatu," akanisindikiza hadi kwenye lango akiwa na mwavuli wake. Halafu akanyamaza wiki tano. Nilisikia kwamba fundi mwingine alionekana kwake, nikasema ni haki yake. Kijana wangu nilimweleza kila kitu, na nakiri kumweleza yeye kulikuwa kugumu kuliko kwenda kwa Mzee.

Mwezi wa Juni simu ikalia. "Njoo uishushe injini." Hakusema zaidi.

Tuliishusha siku mbili baadaye. Tulikuta nyingine mbili zimekatika, moja ikiwa bado imekaa mahali pake kana kwamba ni nzima, hadi nilipoigusa ikazunguka na vidole. Mzee alilipia boliti mpya za chuma kwa safu yote ya chini. Ya kazi sikudai, na hakunipa. Gari halikufika Concours mwaka ule, kwa sababu vipuri viliingia Oktoba.

Siku ya kukaza alikuja, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Mimi nakaza, kijana anahesabu kwa sauti. Tulipomaliza Mzee akauliza, "Ishirini na nne?"

"Ishirini na nne," nikasema.

Akanyoosha mkono aombe tochi. Akapiga magoti kwenye ile sakafu yenye oili, na suruali yake safi, akazihesabu mwenyewe moja moja. Kisha akanirudishia tochi, akasema, "Haya, funga."